Barua ya wazi kwa wadhamini wa makanisa ya Mwanza: jengo lina bima, waalikwa hawana

Kwa Baba Maaskofu, wenyeviti na wajumbe wa Mabodi ya Wadhamini, mapadre, wachungaji na wazee wa kanisa wa jiji la Mwanza na wilaya za jirani,

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wale wa ng'ambo ya barabara, Bwana asifiwe. Nawaandikia wote kwa pamoja kwa sababu ninalotaka kusema halichagui dhehebu.

Mimi ni wakala wa bima hapa mjini, na ni mshiriki ambaye kamati za harusi zimemla Jumapili nyingi za mchana. Mtu anaweza kusema huyu anatafuta wateja. Sawa, nauza bima, na sioni haya. Ila ninachowaomba mnaweza kukinunua kwa wakala yeyote aliyesajiliwa, na sehemu kubwa ya ninayoyasema hapa haihitaji kununua chochote.

Jambo lenyewe ni hili. Pasaka ikishapita, kila Jumamosi kumbi za makanisa kuanzia Nyegezi mpaka Igoma, Kirumba mpaka Buhongwa, zimejaa. Asubuhi ndoa, jioni sherehe, na wiki nzima katikati kuna sendofu. Ukumbi wa kanisa umekuwa chanzo cha mapato kinachotegemewa kuliko mnada wa mavuno, na hilo si baya. Majengo mengi kati ya hayo yana bima ya moto, hasa yale ambayo benki iliwahi kuyashika rehani. Lakini bima ya moto inalipa bati, ukuta na viti. Mama aliyeteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga hayumo. Mtoto aliyeshika waya wa jenereta hayumo. Kinachowahusu hao ni bima ya dhima kwa umma, ile inayomlipa mtu wa nje aliyeumia au aliyeharibiwa mali yake kwa sababu ambayo sheria inamtwisha mwenye eneo. Hiyo, katika kumbi ninazozifahamu, ni adimu.

Badala yake tuna karatasi.

Karatasi ya kukodi ukumbi nimeiona ya makanisa mbalimbali, na zote kama zimechapwa duka moja. Juu kuna nembo, chini yake bei ya ukumbi, bei ya viti vikizidi, marufuku ya pombe, muziki uzimwe saa 6 usiku, malipo ya awali hayarudishwi. Mwisho kabisa, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: UONGOZI WA KANISA HAUTAHUSIKA NA AJALI AU UPOTEVU WOWOTE. Bwana harusi anasaini juu ya boneti ya gari, mhasibu anagonga muhuri, kila mtu anaendelea na shughuli zake. Na wazee wanaamini wamejikinga.

Hawajajikinga. Mkataba unawafunga waliousaini. Bwana harusi kasaini, haya, tuseme amejifunga yeye, ingawa hata hapo wakili mzuri atakuwa na la kusema. Shangazi yake aliyekuja na basi kutoka Magu hakusaini. Mpishi aliyeletwa na watu wa chakula hakusaini. Mtoto wa miaka minne hata kusoma hajui. Hao wakiumia kwa kitu ambacho mwenye jengo alikijua au alipaswa kukijua, wanadai kwa msingi wa uzembe, na saini ya mtu mwingine haiwanyang'anyi haki yao. Wajibu wa mwenye eneo kwa anayeingia humo mahakama zetu zinaupima kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Kiingereza, ile iliyojengwa na maamuzi ya majaji, tuliyoirithi kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Misingi hiyo ya zamani haimtazami mvamizi na mgeni kwa jicho moja: aliyeingia kwa shughuli ambayo mwenye eneo ananufaika nayo ndiye anayelindwa zaidi. Mnapopokea pesa ya ukumbi, wale wageni mia tatu wamehama kutoka daraja la majirani waliopita kusalimia.

Na muda wa kudai si mfupi. Sheria ya Ukomo inampa aliyeumia miaka 3 kufungua shauri la uzembe, na miaka 6 kwa shauri la mkataba. Ndani ya miaka 3 paroko amehamishwa, mhasibu ni mwingine, na ile karatasi imeliwa na mchwa.

Sasa nieleze kwa nini barua hii nimeielekeza kwenu wadhamini na si kwa wachungaji wa sharika. Mali za kanisa ziko mikononi mwa wadhamini waliosajiliwa kwa Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, iliyo chini ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wadhamini ndio wenye uwezo kisheria wa kumiliki, kushtaki na kushtakiwa. Kigango cha Kisesa au mtaa wa Buswelu hauna utu huo peke yake. Kwa hiyo kigango kikikodisha banda lake kwa harusi ya majirani na mtu akavunjika uti wa mgongo, jina litakaloandikwa kwenye hati ya madai ni la Bodi, ile ile yenye shule, zahanati, hosteli na viwanja vya jimbo zima. Mapato ya ukumbi yanabaki kigangoni, hatari inapanda mpaka kwenu, na wengi wenu hamjui hata ni kumbi ngapi zinakodishwa kwa jina lenu Jumamosi hii.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Mengine yote ninayoyaandika yanatokana na hapo.

Niwape kisa kimoja, ukumbi siutaji. Hema za wageni zilifungwa uani kwa sababu ukumbi ulikuwa umezidiwa. Udongo pale ni mwembamba, chini yake ni mwamba, kigingi hakiingii. Vijana wakafunga kamba kwenye matofali na ndoo za mchanga. Mnaijua hali ya ziwa letu mchana ukielekea jioni: joto, kimya, halafu wingu jeusi upande wa maji na upepo unaofika kabla ya mvua. Hema likainuka lote kama lilivyo, nguzo ya chuma ikashuka begani kwa mama aliyekuwa akipakua pilau. Mfupa wa bega ukavunjika. Akapelekwa Bugando.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nianze kulifikiria jambo hili kwa makini. Mpambaji alisema hema si zake, amezikodi. Mwenye hema alisema yeye alileta vifaa tu, kufunga walifunga vijana wa kamati. Kamati ikasema mahali pa kufunga palichaguliwa na msimamizi wa ukumbi, kwa sababu kwingine kote palitengwa kwa magari. Msimamizi akatoa ile karatasi yenye herufi kubwa. Kila mmoja alikuwa na hoja, na kwa kweli kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kosa. Mwisho MC akapitisha bakuli tena, safari hii kwa ajili ya matibabu. Ikapatikana hela ya kuanzia. Lakini yule mama anauza dagaa Mwaloni, na biashara ya dagaa ni ya mikono miwili. Miezi aliyokaa nyumbani hakuna bakuli lililoifidia. Hakwenda mahakamani. Mumewe alisema hawezi kulishtaki kanisa analosali. Sioni sababu ya sisi kuufurahia uungwana huo. Tumekuwa tukiishi kwa mgongo wake.

Siidharau michango. Ndiyo iliyotuoza wengi wetu. Ila mchango unakuja baada ya ajali, unategemea aliyeumia anajulikana kiasi gani, na unaishia pale moyo wa watu unapochoka. Bima ya dhima inafanya mambo mawili ambayo bakuli haliwezi: inaweka kiasi kinachojulikana kabla, na inamweka mtu ambaye kazi yake ni kulijibu dai, ikiwa ni pamoja na kumlipa wakili wa kuwatetea pale dai linapokuwa la uongo. Hili la pili watu hulisahau. Yako madai ya uongo pia.

Kuna hatari nyingine ambayo haimalizwi na bima, inamalizwa na msimamizi wa ukumbi mwenye ujasiri wa kusema hapana. Siku hizi dari za kumbi zetu hufunikwa kwa vitambaa vya satini kutoka ukuta hadi ukuta, taa ndogo zimesokotwa humo ndani, na maua ya plastiki juu ya kila nguzo. Kisha maharusi wanaingia kucheza, na DJ anawasha fataki za jukwaani, zile wanazoziita baridi. Katika mji wa Qaraqosh, kaskazini mwa Iraq, usiku wa tarehe 26 Septemba 2023, harusi ya Wakristo ilikuwa hivyo hivyo: maharusi wanacheza, fataki zikawashwa ndani ya ukumbi, moto ukashika mapambo ya dari. Walikufa watu zaidi ya 100. Jengo lilikuwa na vifaa vinavyoshika moto upesi, na milango ya kutokea haikutosha.

Milango. Hapa kwetu milango ya pembeni inafungwa kwa kufuli makusudi, ili wazamiaji wasiingie bila kadi. Mlango mkubwa unabaki mmoja, na hapo wanakaa vijana wawili na meza ya kukagulia kadi, meza yenyewe imeziba nusu ya njia. Chini ya zulia jekundu umepita waya wa jenereta. Hayo nimeyaona kwenye harusi moja, ukumbi mmoja, na ndivyo ilivyo kwingine. Tusisahau yaliyotokea Moshi tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipokufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wa ibada uwanjani. Huko hapakuwa hata na moto. Dini yetu haikuwazuia miili kusukumana.

Kuliondoa kufuli hilo hakugharimu kitu. Kijana asimame ndani ya kila mlango wa pembeni, mlango ukiwa haujafungwa kwa ufunguo, wazamiaji tutapambana nao kwa njia nyingine. Akizamia mtu akala sahani ya pilau, harusi haijafa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wenye namba 114, ndio wanaokagua majengo na kutoa vyeti. Waalikeni kabla hawajaja wenyewe, na cheti hicho kampuni ya bima itakiulizia pia.

La mawe nalo nilitaje, maana ni letu watu wa Mwanza. Viwanja vyetu vingi vya kanisa vina miamba ndani yake, na kila mpiga picha anataka maharusi wasimame juu ya jiwe ziwa likionekana nyuma. Bibi harusi ana viatu virefu na gauni la kukodi. Watoto nao wamepanda kabla yake. Hamwezi kulihamisha jiwe, wala hakuna anayewadai mlihamishe. Mnachoweza ni kuchagua jiwe moja lenye njia salama, mengine mkayawekea uzio wa kamba siku ya shughuli, na kuandika kwenye karatasi kwamba mpiga picha anatumia hilo tu. Mahakama haiulizi kama ulizuia kila ajali. Inauliza kama ulifanya ambalo mtu mwenye busara angelifanya, na kwa mtoto kipimo kinapanda, kwa sababu mwenye eneo anajua kabisa kwamba mtoto atapanda.

Barabarani sitakaa sana. Gari lolote linalotembea barabarani lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, hilo kila mtu analijua. Ambalo wengi hawalijui ni kwamba gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi, likikodishwa kubeba maharusi, liko nje ya masharti ya hati yake ya bima, na kampuni ina pa kushikia. Matarumbeta yaliyopakiwa nyuma ya pikapu nayo nayapenda kama nyinyi, lakini pikapu imesajiliwa kubeba mizigo. Wajibu wa kanisa kwa kawaida unaishia getini, isipokuwa kwa mawili: basi la kwaya likitumika, hilo ni lenu, na vijana wa kanisa wenye vizibao vya njano wanaoelekeza magari uani wanafanya kazi kwa niaba yenu, hata kama hawalipwi hata soda. Tangu daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, mabasi ya wageni kutoka Sengerema na Geita yanaingia mjini bila kungoja kivuko, na viwanja vyetu havijaongezeka upana.

Nirudi kwenye bima yenyewe, maana hapa ndipo wazee wengi huuziwa kitu kisichowafaa, na mimi mwenyewe kama wakala nawaambia: msisaini haraka.

Kwanza, semeni ukweli wa matumizi. Bima inasimama juu ya uaminifu. Anayekatiwa anatakiwa kusema yote yenye uzito bila kusubiri kuulizwa. Fomu ikisema nyumba ya ibada, na kumbe kila Jumamosi mnakodisha ukumbi kwa sherehe yenye jikoni uani na jenereta, siku ya dai kampuni itazikuta kurasa za Facebook za maharusi wenu kabla ya kumkuta majeruhi. Andikeni: tunakodisha, mara nyingi kiasi hiki kwa mwaka, wageni wengi kiasi hiki, chakula kinapikwa hapa au kinaletwa.

Halafu kuna vikomo. Hati itataja kiasi cha juu kwa tukio moja, na kiasi cha juu kwa mwaka mzima. Bodi ikichukua hati moja kwa kumbi zote, kama ninavyopendekeza, ajali moja kubwa mwezi wa Februari inaweza kukila kikomo cha mwaka, na kumbi zilizobaki zikaendesha harusi mpaka Desemba bila kitu. Ombeni kikomo cha mwaka kiwe mara kadhaa ya kile cha tukio, au kirudishwe baada ya dai kwa ada ya nyongeza. Ulizeni pia gharama za wakili zimo ndani ya kikomo au ziko juu yake. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Chakula mara nyingi hakimo mpaka kiombwe. Watu mia mbili wakiharisha kwa kachumbari, hati ya kawaida inaweza kukaa kimya, na ndiyo ajali ya harusi inayotokea kwa urahisi kuliko zote. Vitu vya watu vilivyo mikononi mwenu, kama viti vya kukodi na zawadi za maharusi zilizofungiwa ofisini, kwa kawaida viko nje ya bima hii. Magari yako nje. Wafanyakazi wenu wako nje kwa kuwa wana mfuko wao, WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mnaotakiwa kuuchangia kwa sheria, na mhudumu wa ukumbi na mlinzi wa usiku ni waajiriwa hata kama mnawaita watumishi. Wanaojitolea hawana mfuko huo. Kwa hao kuna bima ya ajali binafsi ya kikundi, nayo ada yake hukadiriwa kwa idadi ya watu.

Na moja la mtego. Dhima mliyojitwisha wenyewe kwa mkataba, zaidi ya ile ambayo sheria ingewatwisha, kampuni nyingi haziilipi. Kwa hiyo mtu wa hema au wa jenereta akiwaletea fomu inayosema kanisa litabeba hasara zote, msisaini kwa kuwa tu mna bima. Hapo bima haiko nanyi.

Rafiki yangu aliyesoma ng'ambo aliniuliza kwa nini tusifanye kama Marekani. Kule makanisa mengi humtaka mwenye harusi akate bima ya tukio la siku moja, mara nyingi ya dola milioni 1, na alete cheti kinacholitaja kanisa kama mnufaika wa ziada. Asipoleta, hapati ukumbi. Ni utaratibu mzuri kwa nchi ambayo bima hiyo mtu anainunua kwa simu akiwa kwenye foleni. Hapa tukiuleta kama ulivyo, tutamfukuza kijana wa Mabatini anayefunga ndoa kwa michango ya elfu kumi kumi, aende akafanyie sherehe baa. Wajibu wa kukata bima unamfaa yule mwenye jengo, anayepokea kodi kila wiki na anayeweza kuigawa ada kwa harusi nyingi. Gaweni ada ya mwaka kwa idadi ya shughuli, iongezeni kwenye bei ya ukumbi, iandikeni kwenye risiti kama kifungu chake ili watu wajue wanalipia nini. Kamati ya harusi inayolipia keki ya ghorofa tano haitakwama hapo.

Kwa wafanyabiashara wa harusi, yaani wapambaji, watu wa chakula, wa muziki na wa hema, nisingekuwa mpole hivyo. Wanaingia kwenye uwanja wenu kupata faida. Waandikwe kwenye daftari lenu, wawe na leseni ya biashara, na wale wakubwa waonyeshe bima yao ya dhima. Asiyeonyesha asifunge kitu kwenye dari lenu. Wadogo wapeni mwaka mmoja wa kujipanga, kisha masharti yawe yale yale.

Karatasi yenyewe iandikwe upya. Ile sentensi ya herufi kubwa ifutwe, kwa kuwa inawadanganya walioiandika kuliko wanaoisoma. Badala yake iseme nani anafunga hema na nani anazikagua, nani ana ufunguo wa milango, idadi ya juu ya wageni, fataki ndani ni marufuku, na nani wa kupigiwa ajali ikitokea usiku. Wakati wa kuisaini tunao tayari bila kuutafuta. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla, na ndizo zile Jumapili za matangazo ambazo maharusi wanakuja ofisini hata hivyo. Wakija kuandikisha ndoa, wakae na msimamizi wa ukumbi nusu saa, watembee naye uwanja mzima, kisha wasaini. Si juu ya boneti.

Kwa Kamishna wa Bima na ofisi ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, Kanda ya Ziwa, nao nawatupia neno, kwa kuwa barua ni ya wazi. Mwaka 2022, kupitia Sheria ya Fedha, majengo ya biashara na masoko ya umma yaliingizwa kwenye orodha ya bima za lazima. Ukumbi wa kanisa unaokodishwa wiki hadi wiki mnauweka wapi? Ni jengo la biashara au ni nyumba ya ibada? Wadhamini wanahitaji jibu la maandishi, kwa Kiswahili, na si semina. Na kampuni za bima zikae na mabodi zitengeneze hati ya kumbi za ibada inayosomeka, yenye chakula ndani yake tangu mwanzo.

Najua kuna mzee atakayesimama kikaoni aseme bima ni upungufu wa imani. Namheshimu, shikamoo mzee, lakini mlango wa sakristia una kufuli, usiku kuna mlinzi, na gari la Baba Askofu lina bima kubwa. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya paa, asije akaleta damu juu ya nyumba yake mtu akianguka kutoka huko. Musa hakusema bandikeni tangazo kwamba mwenye nyumba hatahusika.

Vikao vyenu vya bajeti vinakaa kabla ya mwaka kwisha. Ninaloomba ni kifungu kimoja kwenye ajenda: kila parokia na kila usharika uwasilishe orodha ya kumbi zake zinazokodishwa, uwezo wake wa watu, milango yake, na zina bima gani, kama zinayo. Orodha hiyo ikiwa mezani, wajumbe wenyewe wataona la kufanya bila kuhubiriwa na mimi. Hati ichukuliwe na Bodi kwa kumbi zote, bei zikiombwa kwa kampuni zaidi ya moja, na isainiwe kabla ya harusi za baada ya Pasaka.

Mfano wa karatasi mpya ya ukumbi ninao, kurasa mbili, umepitiwa na wakili anayesali nasi. Siuuzi. Anayeutaka aniulize baada ya ibada ya pili, au amtume kijana.

Wenu katika huduma,
Mshiriki na wakala wa bima,
Nyakato, Mwanza